Bipu Saba

Wiki iliyopita mama mmoja wa mtaani kwetu aliniletea simu iliyofungwa ndani ya leso. Ilikuwa ya vitufe, ya zile ambazo ninyi wa umri wangu mlizikuta mikononi mwa wazazi wenu, yenye mwanga wa kijani na namba zilizofutika kwa kubonyezwa. Betri ilikuwa imevimba. Nilipofungua kifuniko cha nyuma, harufu ikanipanda puani kabla sijajiandaa: tamu kidogo, kama ya ndizi iliyoiva kupita kiasi, na chini yake harufu ya chuma. Nikaweka betri nyingine, nikaiwasha, nikajaribu spika, nikajaribu maiki. Katika kazi yetu ya ufundi wa simu ukishafika hapo unafungua mchezo mmoja, unacheza kidogo, uone kama vitufe vyote vinaitika. Humo ndani kulikuwa na mchezo wa nyoka. Nikamrudishia mama yule simu yake bila kucheza.

"Umemaliza?" akaniuliza.

"Nimemaliza, Mama."

"Na namba tano? Njo ile ilikuwa inanisumbua."

Ikabidi niichukue tena. Niliandika tano, tano, tano, mpaka kioo kikajaa, nikamwonyesha. Akaridhika, akaenda zake. Mimi nikafunga kibanda mapema kuliko kawaida.

Wateja wangu hunitania kwamba nina maoni mengi kuliko vipuri. Ni kweli. Nina maoni juu ya kampuni za simu, ambazo zinakuuzia megabaiti za siku moja kama vile mawazo ya mtu yanaoza jua likizama. Nina maoni juu ya kampuni kubwa za ng'ambo, zile zinazobandika betri kwa gundi ndani ya simu ili fundi wa Kalemie asiweze kuitoa bila kuvunja kioo. Nina maoni juu ya michezo, juu ya watoto wanaokaa mbele yake, na juu ya wakubwa wanaowatukana watoto hao huku wenyewe wameinamia simu. Ukitaka kunisikia nikipandisha sauti, niambie kwamba kukata internet kunaleta usalama. Niliacha shule darasa la sita, kwa hiyo hakuna profesa aliyenifundisha haya. Nilifundishwa na mtu mmoja na simu moja.

Simu hiyo ilikuwa ya nyumbani. Mama alikuwa na mbili: moja alisafiri nayo, nyingine aliiacha kwangu, mimi binti yake mkubwa, nikiwa na miaka kumi na miwili. Baba alikuwa amekufa wakati mdogo wangu wa kiume, Bahati, hajaanza kutembea. Mama alikuwa mfanyabiashara wa ziwani. Alipakia chumvi, sabuni na nguo kwenye boti, akashuka mpaka Moba, akarudi na maharagi ya kule milimani na mifuko ya ndakala, yaani dagaa wakavu. Safari ilichukua wiki, wakati mwingine mbili. Tulilala kwa jirani, mchana tulikaa kwetu, na simu ile ilining'inia shingoni mwangu kwa kamba ya kiatu.

Mnakumbuka bipu. Unapiga, inaita mara moja, unakata kabla haijapokelewa, na yunite zako, pesa za kupigia, zinabaki. Kila nyumba ilikuwa na sheria zake. Kwetu bipu moja ilikuwa "boti imeondoka". Bipu mbili, "nimefika salama". Bipu tatu, "nimerudi, njooni ufukoni na mwenye mkokoteni". Na juu ya sheria hizo kulikuwa na sheria kubwa: bipu haishikwi. Ukishika bipu umekula yunite za mwenzako, na kwa Mama huo ulikuwa wizi kama wizi mwingine. Niliwahi kushika mara moja, kwa hamu tu ya kusikia sauti yake. "Wee mutoto," akaniambia kutoka huko alikokuwa, "umekula sabuni ya kufua nguo zenu." Akakata. Sikurudia.

Jioni alipokuwa nyumbani, maharagi yakichemka, Mama alicheza nyoka kwenye simu ile. Mnaujua mchezo: nyoka anakula kitone, anarefuka, na akijigonga mwenyewe anakufa. Mama alicheza bila haraka, ulimi umejishika pembeni mwa mdomo, na alikuwa hodari. Simu iliandika alama za juu kabisa, na alama hizo zilikuwa zake. Bahati na mimi tulijaribu miezi na miezi, hatukufika hata nusu.

"Siku mutanipita," alisema, "njo siku nitajua mumekuwa wakubwa. Nitaketi, mutanilisha ninyi."

Simu tulichajia kwa Papa Kizito, karibu na daraja la Lukuga. Alikuwa na kibanda cha mbao chenye jenereta, meza ya kutengenezea simu, na televisheni mbili ambazo vijana walichezea mpira wa kwenye mashine. Alikuwa mtu mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa waya, na walimwita Ministri kwa sababu hakuna jambo la dunia hii ambalo hakuwa na la kusema juu yake. Alisema huku akilehemu, moshi wa risasi ukimpita usoni, na vijana wakamchokoza makusudi.

"Ministri, kampuni za simu zimekukosea nini?"

"Kampuni ya simu ni kama muntu anayekupangisha mulango peke yake. Nyumba ni yako, vitanda ni vyako, wageni ni wako. Lakini kila mugeni akibisha, yeye anadai."

"Televisheni yako ya pili imekufa tangu Jumatatu, halafu unataka kuongoza dunia nzima."

"Televisheni haijakufa. Imechoka kukuona ukifungwa magoli."

Watu wote wakacheka, na yule kijana pia. Mimi nilikaa kwenye ndoo nikingoja chaji ijae, nikisikiliza. Siku moja aliniona nikicheza nyoka, akanyanyua miwani. "Ule mchezo uuheshimu," akasema. "Ingine yote inakudanganya kwamba kuna kushinda. Nyoka haikudanganyi. Unakula, unarefuka, na kile ulichokula njo kinakuziba njia." Sikuelewa, ila nilipenda kwamba ameniambia mimi.

Siku aliyoondoka Mama ilikuwa kavu na angavu. Alitukagua masikio, akaniachia unga wa wiki, akaniambia nisimruhusu Bahati kwenda ufukoni peke yake. Asubuhi ile ile simu ikaita mara moja, ikakatika. Bipu moja. Boti imeondoka. Bahati akapiga makofi kama kawaida yake, na mimi nikaanza kucheza nyoka.

Nilijua kwamba kucheza kunamaliza chaji. Sitaki kujipamba hapa. Nilijua, na Mama alikuwa ameniambia mara nyingi kwamba akiwa safarini simu ile si ya kuchezea. Lakini asubuhi hiyo nyoka wangu alikuwa anatii kuliko siku zote, na mchana nikafika mahali ambapo sijawahi kufika. Bahati alikaa begani kwangu akihema. Nikafa, nikaanza upya. Jua lilipoanza kulegea nyoka wangu alikuwa amejaza kioo, akipita kwenye nafasi nyembamba kama mtu anayepita kati ya mifuko sokoni. Nilipokufa, simu iliandika kwamba hizo ndizo alama za juu.

Nilikuwa nimempita Mama.

Tuliruka ruka uani, tukamkimbilia jirani, akasema hongera bila kujua ni ya nini. Tulipotazama tena, kioo kilikuwa cheusi. Jenereta ya Papa Kizito ilikuwa imezimwa na yeye amekwenda kwake. Nikasema kesho. Nikajiambia kwamba Mama akifika Mpala jioni, mahali boti inapopumzika, atabipu mara mbili, atakuta imezima, basi atabipu tena kesho. Tulikula tukiwa na furaha. Bahati aliuliza kama Mama ataketi kweli tumlishe. Nikasema ndiyo, ameahidi.

Kesho yake nilikuwa wa kwanza kibandani. Simu ikawaka, na haikuwa na kitu. Nikangoja siku nzima, hakuna bipu. Siku ya tatu wanawake walianza kuingia uani kwetu mmoja mmoja, wakiwa wamefunga vitenge kiunoni, na mama mdogo, mdogo wake Mama, akaja akiwa hana viatu. Boti ilikuwa imepotea kabla ya kufika Mpala. Upepo, walisema. Mzigo, walisema wengine. Waliopatikana walikuwa wachache, na Mama hakuwa kati yao, si hai, si mfu.

Walilia kama tunavyolia kwetu, na wakanitazama mimi nisiyelia. Mmoja alisema nimepigwa na bumbuwazi. Haikuwa hivyo. Mimi nilikuwa na siri. Nilijua kwamba bipu ilikuja na simu ikawa imezima. Mama amefika mahali, kijiji chochote, amebipu mara mbili, hakuna aliyepokea habari, na kwa kuwa hakuna aliyepokea, bado anahesabiwa kwamba hajafika. Kosa lilikuwa langu na dawa nilikuwa nayo: kuitafuta ile bipu. Nikiipata, Mama atakuwa amefika.

Msinicheke. Mtoto ambaye miaka yote anaambiwa kwamba mlio mara mbili ndio kufika, mwishowe anaamini kwamba mlio ndio unaomfikisha mtu.

"Papa Kizito," nikamuuliza, "bipu ikikuta simu imezima, inaenda wapi?"

Aliacha kulehemu. Mtaa mzima ulikuwa umeshajua habari zetu, na aliona kamba ya kiatu shingoni mwangu. Lakini swali lilikuwa la mashine, na swali la mashine alikuwa hawezi kulipita.

"Haipotei," akasema. "Kampuni wanaandika kila kitu. Namba gani ilipiga namba gani, saa gani, ikiwa karibu na munara gani. Iko kwenye mashine zao. Na tena simu ikiwaka, wanakutumia mesaji: fulani alikupigia mara kadhaa. Tatizo njo lile." Akaelekeza chuma chake cha kulehemia angani. "Serikali imekata mesaji. Uchaguzi. Wanasema ni kwa ajili ya utulivu. Inchi nzima mesaji hazitembei, za wezi na za watakatifu, zote pamoja."

"Basi yangu iko njiani?"

Alikishusha chuma chake mezani. "Kama iko," akasema, "iko imekaa inangoja. Kama sisi."

Siku iliyofuata nilimshika Bahati mkono, tukaenda kwenye biro, ofisi ya kampuni ya simu. Kulikuwa na kioo, upepo wa baridi na dada mmoja mwenye kucha ndefu nyekundu. Alitusikiliza mpaka mwisho, nakumbuka hilo, akiwa ameinama kidogo ili Bahati amwone. Nikamwambia nataka kujua kama namba ya Mama ilibipu namba yetu, na mara ngapi.

"Habari za namba ni siri ya mwenye namba," akasema polepole. "Hatuwezi kumupatia muntu mwingine."

"Sisi ni watoto wake."

"Najua, mama," akasema, kama wanavyomwita kila msichana kwetu. "Lakini sheria ni ile. Mwenyewe aje, na kadi yake ya mupiga kura."

"Akikuja mutamuambia?"

Alitazama kompyuta yake, kisha akatazama kucha zake. "Akikuja tutamuambia yote."

Niliondoka pale nikiwa mwepesi. Njiani nikamweleza Bahati: wamesema aje mwenyewe. Wangesemaje aje kama hayupo? Watu wakubwa, wenye kompyuta, wanaojua munara gani na saa gani, wamesema tumlete. Bahati akaanza kuimba jina la Mama mpaka tukafika nyumbani, na mama mdogo alipotusikia alikaa chini kwenye kizingiti, akafunika uso kwa kitenge.

Leo ningemtetea dada yule. Wanaume huniletea simu za wake zao nizifungue, na wake huniletea za waume zao, na mimi nasema mwenyewe aje. Siri ya mtu ni ya mtu. Ila kila nikisema maneno hayo namwona Bahati akiruka madimbwi, akiimba.

Zilipita wiki. Kila asubuhi nilikaa kwenye ndoo, na Papa Kizito alinichajia bila kunidai. Tulihamia kwa mama mdogo, aliyekuwa na watoto wake watano. Shule ilifunguliwa, Bahati akaenda, na mimi nikasema nitaenda wiki ijayo. Nikasema hivyo wiki kadhaa, mwishowe hakuna aliyeniuliza tena.

Halafu, asubuhi moja, kibanda kizima kikalia. Sijui niwaelezeje. Simu zote zilizokuwa kwenye chaji, kumi na ngapi sijui, zilianza kulia kwa pamoja, kila moja kwa sauti yake, meza ikatetemeka kama sinia la panzi. Vijana wakaacha mpira. "Wamefungua," Papa Kizito akasema. "Wamefungua mesaji." Salamu za wiki zote zile, rambirambi, deni, mapenzi, kila kitu kiliingia pamoja. Ya kwangu ililia mwishoni, mlio mmoja.

Namba ya Mama nilikuwa naijua kama jina langu. Ujumbe ulikuwa wa kampuni, kwa Kifaransa, lakini niliuelewa. Namba hii ilikupigia mara saba, ya mwisho jioni ya siku ile, saa kumi na mbili na kitu.

Baadaye, nilipokuwa fundi, nilijifunza kwamba ujumbe ukikaa sana kwenye mashine hufutwa. Huu haukufutwa. Nimewauliza mafundi wanaojua kuliko mimi, kila mmoja ana jibu lake.

Nilihesabu kwa vidole. Moja ni kuondoka, mbili ni kufika, tatu ni kurudi. Saba haikuwa na sheria. Bahati alikuwa hapo, ilikuwa siku ya mapumziko, na nikamwonyesha.

"Saba ni nini, Yaya?" akauliza; Yaya kwetu ni dada mkubwa.

Na mimi, kwa uhakika wote wa mkubwa, nikamwambia: "Mbili ni kufika. Saba ni kufika kabisa. Amefika mahali pazuri sana, akabipu mpaka mikono ikachoka."

Bahati alipiga kelele za furaha, akanikumbatia, tukazunguka ndani ya kibanda tukigonga viti. Nikamnyooshea Papa Kizito simu ili asome mwenyewe. Alivaa miwani. Alisoma. Alivua miwani, akaifuta, akasoma tena, na nikangoja aseme, kwa kuwa alikuwa na la kusema juu ya kila kitu, juu ya kampuni, juu ya serikali, juu ya waliobuni nyoka.

Kisha akaenda kwenye televisheni, akawaondoa vijana wawili waliokuwa katikati ya mechi.

"Ministri, dakika zetu!"

"Nitawapatia zingine. Tokeni." Akamketisha Bahati kwenye kiti, akampa kidude cha kuchezea mikononi, akamwonyesha kitufe cha kupiga mpira. "Cheza, papa," akamwambia. "Cheza mpaka uchoke." Bahati alicheza mpaka jioni na hakuna aliyedai kitu. Papa Kizito alikaa kwenye ndoo yangu, mgongo kwetu, akishika simu ya mteja ambayo hakuifungua. Vijana walidhani anaumwa.

Wiki iliyofuata aliniuliza kama nataka kujifunza kazi. Nikakubali. Nilidhani ni zawadi kwa sababu ya bipu zangu saba.

Nilikuwa na miaka kumi na sita nilipoelewa. Hakukuwa na siku kubwa. Mvuvi mmoja alileta simu iliyotumbukia ziwani, nikaifungua, nikaipiga mswaki kwa spiriti, nikaiacha juani, nikaiwasha. Katika kuijaribu nikaona orodha ya simu alizopiga: namba moja, mara tisa, zote za jioni moja.

"Ulikuwa unabipu nani hivi?" nikamtania.

"Ndugu yangu. Mashine ilizima katikati ya mawimbi, maji yameshaingia. Nilikuwa namuita alete boti ingine."

"Mara tisa, na zote bipu?"

Akanitazama kama mtu anayetazama mtoto. "Muntu anayezama habipu, mama. Anaita. Ule mujinga alikuwa ameacha simu yake ndani ya nyumba."

Nikamrudishia simu yake. Nikakaza skrubu za nyingine, na ya tatu. Papa Kizito alikuwa mezani kwake, na nilipoinua macho nikakuta ananitazama, nikajua kwamba alikuwa akiingoja siku hii kwa miaka minne na kwamba aliiogopa. Alisogeza kikombe chake cha chai mpaka upande wangu wa meza.

Nimefanya hesabu zote ambazo mtu anaweza kufanya. Kama nisingecheza, simu ingekuwa na chaji. Kama ingekuwa na chaji, ingeita. Pale ufukoni kulikuwa na watu wenye boti za mashine zenye nguvu, na mimi nilikuwa na mbio. Hesabu hii niliifanya kwa miaka, na ilikuwa inanila. Halafu nikafika kwenye hesabu iliyo chini yake, ambayo ni mbaya zaidi, na ambayo sijui kama inanisamehe au inanihukumu. Kama simu ingekuwa na chaji, nisingeshika. Bipu haishikwi. Ningekaa uani na Bahati begani, simu ikiita mpaka mwisho, ikikatika, ikiita tena, na tungehesabu pamoja kwa sauti: moja, mbili, tatu. Tungefika saba tukicheka, kwa sababu Mama alitufundisha tusile yunite zake.

Kwa hiyo nina maoni. Wakubwa wanaposema ni mesaji tu, ni siku chache tu, nawaambia kwamba ndani ya zile mesaji kuna zinazotafuta mtu mmoja. Wateja wakibishana kampuni ipi ina moyo, nawaambia hakuna yenye moyo. Zina kumbukumbu, na kumbukumbu bila moyo itakuambia saba, haitakuambia saba ya nini. Papa Kizito alikufa, kibanda akaniachia mimi. Televisheni ziko bado, na watoto wanacheza. Sijawahi kumfukuza mtoto mchezoni. Ninamwuliza tu, kabla hajaanza: simu ya kwenu ina chaji?

Bahati sikumwambia. Nililipa minerval yake, karo ya shule, kwa simu za watu, mwaka baada ya mwaka, na akamaliza. Yeye saba yake aliitunza kama alivyoipokea. Tangu utoto, akifika popote, shule ya mbali, mtihani wa Lubumbashi, harusi ya Kabimba, alinibipu mara saba. Kufika kabisa. Siku hizi simu za bure ziko nyingi, mnajua, unaweza kumwona mtu na meno yake. Yeye anabipu. Na mimi kila mara ninashika ile ya kwanza, kabla haijamaliza kuita, na yeye ananisuta: "Yaya, unakula yunite zangu. Haujawahi kuniacha nifike."

Mwezi uliopita alipata kazi ya ualimu Moba, akapanda boti. Nilimwambia kuna barabara. Akasema barabara inaua magari, na ziwa ni la mama yake. Siku nzima sikufungua simu ya mteja hata moja. Simu yangu ilikuwa juu ya meza, kwenye waya, imejaa chaji, na bado niliitazama kila mara.

Jioni, jua likiwa bado juu ya mabati, ikaita. Nikashika.

"Bahati?"

"Yaya, mbona unashika?" Nilisikia watu, mbuzi, mtu akidai mfuko wake. "Niko Mpala. Nimeshuka, miguu yangu iko kwenye muchanga. Acha nifike basi. Mara moja tu katika maisha."

Nilitaka kumwambia. Maneno yalikuwa yamekaa tayari mdomoni, yamekaa hapo miaka kumi.

"Haya," nikasema. "Fika."

Akakata. Niliiweka simu mezani, nikakalia mikono yangu yote miwili ili nisishike. Ikaita, ikakatika. Ikaita, ikakatika. Watoto waliokuwa kwenye televisheni waligeuka, mmoja akasema, "Yaya, simu," na nikamwambia aiache. Ya tano ilichelewa, nikasimama. Ikaja. Ya sita ikaja. Ya saba ikaita mara moja, ikakatika, halafu simu ikanyamaza, kwa sababu mtu amefika.